Mboga za Zakaria Kambini Shume

Sufuria ya kulisha kambi nzima haikorogwi kwa mkono, vijana wangu. Inakorogwa kwa mgongo na magoti. Nawaambia hili mapema ninyi mnaoingia kazi ya upishi, kwa sababu naona siku hizi mnafundishwa kupamba sahani kabla hamjafundishwa kusimama. Achanisha miguu, mwiko ushike chini, ugali uvute uje kwako, usiusukume. Ukiusukuma, jioni utatafuta mtu wa kukukanda kiuno.

Mimi nimepika kambi ya wapasua mbao huko Shume. Nilianza bendera ya Uhuru ikiwa bado ngeni machoni petu, nikaendelea miaka yote ya Ujamaa, mpaka magoti yenyewe yakaomba kupumzika. Tulikaa kwenye nyumba za mbao katikati ya misonobari, ukungu ukiingia jikoni bila kubisha hodi. Watu walikuwa wa kila mahali. Kulikuwa na sisi Washambaa, kulikuwa na Wapare, na kulikuwa na waliotoka mbali kabisa, kama Hamisi wa Singida, ambaye alikuwa na mdomo mkali kuliko msumeno wake.

Chakula kilikuwa kilekile: ugali, maharage, na papa au ng'onda, samaki mkavu wa chumvi aliyepanda na lori kutoka Tanga. Siku ya mshahara tulichinja, na mtu aliyepewa kipande kisicho na mafuta alihesabu kwamba ameonewa.

Sasa, kuna jambo lilinisumbua akili tangu siku za mwanzo. Ukitoka nje ya jiko langu na kutazama bondeni, kila upande ulikuwa ni kabichi. Kabichi, karoti, vitunguu vya majani, koliflawa. Malori yalijaa mboga yakashuka Mombo kwenda mjini, na sisi tuliozungukwa na mboga hizo tulikula papa wa Tanga. Nilimuuliza mama mmoja mkulima, aliyekuwa akifunga magunia ya karoti barabarani, nyumbani kwake wanazipikaje. Aliniangalia kama nimemuuliza anapikaje noti. Akasema wao wanakula bada, yaani ugali wa muhogo, na maharage, karoti ni za watu wa Dar es Salaam. Nilirudi kambini nikifikiri: basi watu wa Dar wanajua nini ambacho sisi tulioko hapa hatukijui? Sikuwa na jibu, na kwa muda mrefu sikulitafuta, maana mpishi ana sufuria za kusugua.

Aliyenifanya nilitafute ni Zakaria.

Zakaria alikuwa mnyapara wa wapasua mbao, mtu wa Mgwashi, mpana wa mabega, sauti ya besi katika kwaya ya kanisa. Alinizidi umri, nami nilimwita kaka. Alikuwa na tabia moja iliyonishangaza kila siku: alinyunyiza chumvi kwenye chakula kabla ya kukionja. Nilitaka sana kujua amejuaje kwamba haitoshi. Nilipomuuliza alisema chumvi haitoshi kamwe, basi kuonja kwa nini.

Asubuhi moja walikuwa wakiteremsha gogo kwenye mteremko mkali, Zakaria akaketi. Ndivyo walivyoniambia waliokuja mbio jikoni. Hawakusema ameanguka, walisema ameketi. Wote tulielewa uzito wake, kwa kuwa Zakaria hakuwahi kuketi kazini. Nilimkuta ameegemea kisiki, jasho la baridi limemlowesha, pumzi inakuja kwa vipande. Tulimpakia kwenye lori la mbao tukampeleka hospitali ya Bumbuli. Mimi nilikaa naye nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, huku Hamisi akiwa amejitolea kuyaangalia maharage yangu. Maharage hayo yaliungua yote, lakini hiyo ni habari nyingine.

Zakaria alilazwa wiki kadhaa. Shinikizo la damu lilikuwa juu na moyo ulikuwa umechoka. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja aliyeitwa Sista Rehema alitukalisha watu watatu kwenye benchi: Zakaria, mkewe Mama Naomi aliyekuwa amekuja kutoka Mgwashi, na mimi kwa sababu nilisema ndimi ninayempikia. Alieleza polepole. Vidonge kila siku, hata siku anayojisikia mzima. Sigara basi. Papa na ng'onda basi. Chumvi aiache mezani, mafuta ayapunguze, na kila siku ale mboga za majani na matunda, asile kama kionjo, ale kama chakula.

Zakaria aliuliza swali moja tu, kama atarudi kwenye msumeno. Sista akamwambia hapana. Alitazama viganja vyake muda mrefu, akavigeuza, kisha akavificha chini ya mapaja.

Mimi nilikuwa na maswali mengi zaidi, na nashukuru yule sista hakunifukuza. Nilimuuliza moyo una shauri gani na chumvi, wakati chumvi inakwenda tumboni. Akasema chumvi inashika maji mwilini, na maji hayo yote yanazunguka na damu, na wa kusukuma ni moyo peke yake. Mtu anayekula chumvi nyingi ni kama amemwongezea mchukuzi mzigo bila kumwambia. Nikauliza na mboga je, zinafanya nini. Akasema mboga na matunda yana vitu vinavyosaidia mwili kuitoa ile chumvi na kuitunza mishipa ilegee, isikakamae. Nilivutiwa mno. Nilikuwa nimepika miaka na miaka nikidhani kazi yangu inaishia mtu anaposhiba.

Bwana miti wa wakati ule, yaani mkuu wetu wa msitu, alikuwa mtu muungwana. Alimhamishia Zakaria kwenye kitalu cha miche. Kazi ya kitalu ni ya mikono, lakini ilikuwa na sharti lake: maji yalichotwa kijitoni, na kijito kilikuwa bondeni. Alisema kwa upole kwamba Zakaria asipoweza kupanda na kushuka, itabidi arudi nyumbani. Kila mtu alijua maana yake. Nyumbani shamba lilikuwa dogo, na watoto walikuwa shuleni.

Kwa hiyo nilianza kupika sufuria mbili, ya kambi na ya Zakaria. Na hapa nisikilizeni, maana ndipo nilipojifunza kwamba kumbe sijui kupika. Nilijua papa, nilijua maharage, nilijua nyama. Siku ya kwanza nilichukua kabichi nikaikata, nikaitia majini, nikaichemsha kama ninavyochemsha mahindi makavu. Ilitoka rangi ya matambara. Mama Naomi, aliyekuwa amehamia kambini kumtunza mumewe, alifunua kifuniko, akatazama ndani.

"Shemeji," akasema, "hizi mboga zimekukosea nini?"

Kuanzia siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Alinipeleka kando ya msitu na mashambani, akanionyesha mnavu, akanionyesha mchunga ambao kwa Kishambaa tunauita mshunga, na majani mengine ambayo nilikuwa nimeyakanyaga tangu utoto nikienda kutafuta kuni. Alinifundisha kuosha kabla ya kukata, kwa sababu ukikata kwanza utamu wote unakwenda na maji. Alinifundisha kwamba mboga laini inahitaji moto mkali na muda mfupi, na kwamba mboga chungu ipikwe bila kifuniko, maji ya kwanza yamwagwe. Kila alichofanya niliuliza kwa nini. Vingine alivijua, vingine alisema mama yake alifanya hivyo, na mimi nilijaribu kinyume chake nione. Mara nyingi mama yake alikuwa sahihi. Mara moja moja hakuwa.

Lakini kambi ni kambi. Hamisi alipoona sahani ya Zakaria imejaa majani alisema leo mnyapara analishwa pamoja na mbuzi wa bwana miti, na watu wakacheka. Kesho yake akauliza kama atafungwa kamba au ataachwa huru. Zakaria alikuwa amezoea kutoa amri na watu wakakimbia. Sasa alichukua sahani yake akaenda kula nyuma ya ghala, peke yake, akiwa ameupa ukuta mgongo. Nilimwona kupitia dirisha la jiko. Katika mambo yote ya ugonjwa ule, hilo ndilo liliniuma zaidi.

Na ubaya ni kwamba hakupata nafuu tuliyoitarajia. Pumzi ilirudi kidogo, lakini miguu iliendelea kuvimba. Asubuhi ilikuwa nafuu, jioni buti haziingii. Akipanda kutoka kijitoni alisimama njiani mara nyingi, na bwana miti alimwona akisimama. Ukaanza uvumi kwamba Zakaria anakula papa kwa siri. Mama Naomi naye, akiwa amechoka na wasiwasi, alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli. Sikujua, basi nikaenda kumuuliza mwenyewe kitaluni. Hakukasirika. Aliendelea kupanga miche yake, akasema, "Yohana, mimi nimekula ulichonipa. Sijala kingine."

Nilimwamini. Lakini kama nilimwamini, basi chumvi ilitoka wapi? Swali hilo lilinikaa kichwani kama wimbo. Nilionja sufuria yake, haikuwa na chumvi. Nilionja maji ya kijito. Nilionja hata unga.

Siku yake ya kurudi hospitali nikaomba ruhusa niende naye. Sista Rehema aliibonyeza miguu yake kwa kidole, shimo likabaki. Kisha akanigeukia mimi akaniomba nimweleze ninavyopika, tangu kuwasha moto, nisiruke kitu. Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Kuni, maji, maharage, vitunguu. Mboga ninaziosha, ninazikata, naweka magadi kidogo ili zilainike na zibaki kijani.

Akainua mkono. "Hapo," akasema. "Rudia hapo."

Nikarudia. Magadi kwenye mboga, magadi kwenye maharage, magadi kila mahali, kama mpishi yeyote wa milimani au wa pwani. Akaniambia magadi na chumvi ni ndugu. Ulimi haukamati ladha ya chumvi kwenye magadi, lakini mwili unaijua, unashika maji vilevile. Yaani nilitoa chumvi kwa mkono wa kulia nikairudisha kwa mkono wa kushoto, tena kila siku. Tulitoka nje, tukasimama tukisubiri lori. Zakaria ndiye aliyeanza kucheka, kifua kikitikisika taratibu.

"Kumbe mwizi anakaa jikoni kwako," akasema, "na sisi tunamtafuta kitaluni."

Wapishi vijana, magadi ni mazuri kwa kuharakisha, na haraka ndiyo kishawishi chetu. Jinsi ya kuyaacha ni hii. Maharage yaloweke tangu jioni, yale maji yamwage, kisha yapike kwa kisiki kinachowaka polepole, usiyaharakishe. Mboga ipike dakika chache, uitoe ingali na uhai. Chumvi ikiondoka, ulimi unalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, basi mpe kitu kingine: limau mwishoni, si mwanzoni, tangawizi, kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa chekundu, karanga za kusaga. Parachichi, ambalo huku kwetu lilianguka chini na kuozea miguuni, liponde uchanganye na mboga badala ya kutafuta mafuta. Baada ya wiki chache ulimi unasahau. Zakaria mwenyewe alionja siku moja kipande cha ng'onda akakitema, akaniuliza zamani tulikuwa tunakulaje kitu hiki.

Miguu ikaanza kushuka. Hakuna aliyetangaza, tuliona tu buti zinaingia jioni.

Jambo la matunda nililigundua kwa bahati. Siku moja kuni zilikuwa mbichi, ugali ukachelewa, na watu wamerudi kutoka mteremkoni na njaa ya kutisha. Kwa kuwaziba midomo nikaweka mezani beseni la peasi na karoti nilizozikatakata kwa ajili ya Zakaria. Zilikwisha kabla sijageuka. Kesho yake, ugali ukiwa tayari kabisa, nilichelewesha kwa makusudi nikaweka beseni tena. Nilikuwa nimewahi kuyaweka matunda baada ya chakula yakabaki mpaka yanaingia nzi. Mtu mwenye njaa hachagui, anakula kilicho mbele yake, basi kilicho mbele yake kiwe ndicho unachotaka ale. Hamisi alikula peasi huku akisema kwamba yeye hali majani. Nami nilimwambia peasi si jani.

Zakaria naye hakukaa bure kitaluni. Kwenye ukingo wa miche, mahali ambapo ardhi ilikuwa na unyevu na haikuwa na kazi, alipanda mchicha, figiri, karoti na maboga. Aliyatunza kama miche ya serikali. Kisha ikaja ile miaka ya uhaba ambayo wazee wenu watawasimulia: duka la ushirika lilibaki na viberiti na kaunta, mafuta ya kupikia yakawa hadithi, na lori la papa likapitisha wiki baada ya wiki bila kuonekana. Siku moja sikuwa na kitoweo chochote cha kambi. Nikakopa kwenye bustani ya Zakaria, nikapika mnavu na figiri kwa karanga sufuria nzima, nikapakulia kila mtu. Zakaria alikuja kuchukua sahani yake aende nyuma ya ghala kama kawaida. Akaona meza nzima inakula alichokula yeye. Akasita, kisha akasogeza benchi kwa mguu, akaketi katikati yao. Hakuna aliyesema neno la mbuzi.

Basi tukaishi hivyo, mpaka yule bwana miti muungwana akahamishwa, akaja mwingine.

Huyu mpya hakuwa mtu mbaya, nisimseme. Alikuwa ameagizwa miche mingi na kitalu kilikuwa kidogo. Alizunguka siku ya kwanza akapima kwa hatua zake, akafika kwenye bustani akauliza hiki ni nini. Akaambiwa ni mboga. Akaagiza zing'olewe kufikia mwisho wa wiki, mahali pale papandwe miche. Zakaria alisimama na kopo la kumwagilia mkononi, akaitikia ndiyo bwana. Ardhi haikuwa yake, na kazi alipewa kwa hisani. Angesema nini?

Tulikuwa tumekusanyika pale wote, maana ilikuwa saa ya kuhesabiwa. Hamisi akatoka mbele ya mstari, amevua kofia.

"Bwana," akasema, "miti yako tutaipanda popote utakapotuonyesha, hata kule juu kwenye mawe. Mboga tunaomba utuachie."

Bwana miti akamuuliza kama bustani ni yake. Hamisi akasema hapana, ni ya mzee huyu, lakini kula tunakula wote. Watu wengine wakasogea, si kwa fujo, walisogea tu wakasimama nyuma ya Hamisi. Yule bwana akatutazama, akaitazama bustani, halafu akaniuliza mimi nimepika nini. Nikamletea sahani. Alikula amesimama, akamaliza, akarudisha sahani bila kusifu. Akasema kama tuko tayari kukata matuta mapya upande wa juu baada ya saa za kazi, kwa mikono yetu, miche itakwenda huko. Akaondoka zake.

Watu huniuliza kama mboga ndizo zilizomponya Zakaria. Nami nilimuuliza Sista Rehema swali hilohilo, na alinijibu kwamba moyo ule haukupona, ulitunzwa. Kulikuwa na vidonge, ambavyo hakuviacha hata siku moja. Kulikuwa na kazi nyepesi, na kulikuwa na Mama Naomi. Mboga zilikuwa mojawapo, na sijui kipimo chake. Ningependa kujua mpaka leo. Ninachojua ni kwamba aliimba besi kwenye harusi za watoto wake wote, akastaafu kwa miguu yake mwenyewe, na alipofariki alikuwa mzee wa kuinamia fimbo.

Lakini mimi nikikumbuka kambi ile, namkumbuka zaidi Hamisi, jioni ya kwanza ya kukata matuta. Udongo ule wa juu ulikuwa mgumu, mawe matupu, na watu walikuwa wamepasua mbao tangu asubuhi. Nilipanda na ndoo ya maji ya kunywa. Hamisi alikuwa amebaki na fulana tu kwenye baridi ile, analima kama anayelipwa. Nikamwambia mimi nashindwa kumwelewa: yeye ndiye aliyemcheka mwenzake mpaka akawa anakula mafichoni, leo anavunja mgongo kwa ajili ya mchicha wake.

Akanywa maji, akanirudishia kikombe.

"Kwani Zakaria peke yake ndiye mwenye moyo?" akasema, akashika jembe.